Kuishi kwa Uigizaji: Mwongozo Kamili kwa Mwigizaji wa Dar es Salaam na Jirani Zake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaigiza, au yuko mlangoni, na anataka kazi hii imlipie kodi ya nyumba mwaka baada ya mwaka. Hautafuti kukufanya maarufu. Umaarufu na kipato ni vitu viwili tofauti: kuna wenye wafuasi wengi mtandaoni wanaodaiwa kodi na mwenye nyumba, na kuna ambao hakuna anayewageukia sokoni lakini kila wiki wako studio wanaingiza sauti, na watoto wao wanasoma. Tofauti yao mara nyingi haiko kwenye kipaji. Iko kwenye hesabu na karatasi, kwa hiyo tutakaa huko kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Viwango vya pesa vilivyomo humu ni mifano ya kufundishia hesabu. Weka vyako.

Anza na bei ya siku yako

Chukua karatasi uandike matumizi yako halisi ya mwezi: kodi, chakula, umeme, maji, nauli, bando, ada, pesa ya kutuma nyumbani, michango ya harusi na misiba. Tuseme jumla ni shilingi 600,000. Kwa mwaka ni 7,200,000. Hicho ndicho kiasi ambacho sanaa inatakiwa ikuachie mkononi, gharama za kazi na kodi zikishatoka.

Sasa prodyuza anakupa uhusika kwenye tamthilia ya vipande 13, kwa 150,000 kila kipande. Unapiga haraka haraka unapata 1,950,000 na unakubali hapo hapo kwenye simu. Subiri. Kila kipande kinakutaka siku mbili za kushuti. Hizo ni 26. Ongeza siku mbili za kusoma skripti na wenzako, moja ya kupima mavazi, mbili za kurudia sauti studio. Zimefika 31. Nauli ya 8,000 kwa siku inakula 248,000. Nguo ulizoambiwa uje nazo pamoja na saluni, 150,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ambayo anayekulipa huikata kabla ya kukupa pesa, 97,500. Umebaki na 1,454,500, ambayo ni kama 46,900 kwa siku. Kwa bei hiyo, kufikisha 7,200,000 kunahitaji siku 154 zilizolipwa kwa mwaka, karibu tatu kila wiki bila kukosa. Tamthilia moja haitakupa siku hizo.

Hesabu hii inakuonyesha pia mahali pa kuvutia kamba. Waigizaji wengi hujadiliana kuhusu bei ya kipande tu, na prodyuza mwenye bajeti finyu hukataa hapo. Omba badala yake gari la kuchukua watu, na mavazi pamoja na saluni vigharamiwe na uzalishaji. Bei ikibaki ile ile, kiasi chako kwa siku kinapanda hadi karibu 59,800. Kwa prodyuza, gari linalobeba watu saba ni gharama moja ambayo mara nyingi alishaipanga. Kwako ni nyongeza ya zaidi ya robo.

Fanya hesabu hii kila unapopewa kazi, kabla ya kujibu. Sentensi ya kuombea muda ni fupi: "Nashukuru sana, nitumie idadi ya siku na ratiba, nikujibu kesho asubuhi." Prodyuza wa kweli haondoi kazi kwa sababu ya usiku mmoja. Anayekulazimisha ujibu sasa hivi kwa kawaida ana jambo ambalo hataki ulihesabu.

Panga vyanzo vitatu, si kimoja

Tamthilia za televisheni ndizo zinazoonekana zaidi: Sinema Zetu ya Azam, Maisha Magic Bongo ya DStv, na wimbi kubwa la tamthilia za YouTube. Zinakupa sura na siku nyingi mfululizo, lakini huisha ghafla. Mhusika anauawa kwenye skripti, msimu haurudishwi, na wewe unajua kwa simu ya Ijumaa. Ndiyo maana kila mwigizaji anahitaji angalau vyanzo viwili vingine ambavyo havitegemei kituo kile kile.

Kuingiza sauti ni kazi ambayo wengi hawaipi uzito unaostahili. Tangu 2011, TBC iliporusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kazi hii imekua, na leo tamthilia za Kichina na za Kituruki zinazungumza Kiswahili kwenye StarTimes na Azam. Unakaa mbele ya maikrofoni na vipokea sauti masikioni, unaangalia mdomo wa mtu mwingine na kuujaza kwa sauti yako. Maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu kuliko ya lugha inayotafsiriwa, kwa hiyo ni lazima ujue kuikata sentensi bila kuipotosha na kuvuta pumzi pale mhusika anapovuta. Studio inataka matamshi safi. Ukisoma "zahabu" badala ya "dhahabu", au ukachanganya r na l, utarudishwa mara tano na wiki ijayo hutaitwa. Mazoezi yake hayana gharama: soma gazeti kwa sauti dakika ishirini kila siku, habari ambayo hujaipitia kabla, ukijirekodi kwenye simu. Kila mhusika unayempa sauti mrekodi sekunde thelathini uzihifadhi. Baada ya mwezi mmoja utahitaji kuirudia sauti ile ile, na kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Halafu kuna michezo ya redio, ambayo ina mizizi mirefu hapa. Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 kurusha mchezo wa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na mashirika ya afya bado hutumia njia hiyo. Sanaa ya jamii nayo, ile ya kucheza igizo kwenye uwanja wa kijiji kuhusu lishe au malaria, hulipa kwa heshima iwapo kikundi chenu kina usajili, TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki. Mashirika hayalipi mkononi. Yanataka nukuu ya bei, hati ya madai, ripoti na picha, na malipo yanaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kazi, kwa hiyo usiende wilayani kwa pesa ya kula uliyokopa. Omba kianzio kinachotosha nauli na malazi.

Kwa wenzetu wa Kenya kuna soko ambalo huku halijakua vile: vikundi vinavyoigiza vitabu teule kwenye shule za sekondari. Kitabu kinapobadilishwa kwenye mtaala, skripti mpya inahitajika, na kikundi kinachokuwa tayari mapema mwanzoni mwa muhula ndicho kinachojaza ratiba.

Ushereheshaji nao unalipa, na vizuri, hasa Jumamosi. Shida yake ni sauti: saa sita za kupiga kelele juu ya muziki, kisha Jumatatu una sini ya kunong'ona. Ukiukubali, dai maikrofoni nzuri na spika ya kujisikia.

Vitu vya kuombea kazi

Picha tatu zinatosha: uso kwa karibu, mwili mzima, na moja yenye hisia tofauti na ya kwanza. Zipigwe mchana kwenye kivuli cha wazi, nguo ya rangi moja, bila filta. Anayechagua waigizaji anatafuta uso utakaoingia mlangoni. Ukija na ngozi tofauti na ile ya picha, umeshampotezea muda kabla hujasema neno. Zibadilishe ukinyoa, ukisuka mtindo mpya wa kudumu, au mwaka ukipita.

Wasifu uwe ukurasa mmoja: jina la kazi, namba, urefu, umri unaoweza kuucheza (mfano 25 hadi 35), lugha na lafudhi unazoziweza kweli, kazi ulizofanya na aliyeongoza, mafunzo, na ujuzi wa ziada. Andika ujuzi ambao unaweza kuuonyesha leo. Ukiandika kwamba unaendesha bodaboda, siku moja utapewa bodaboda barabarani na kamera mbele.

Video fupi ya kazi zako isizidi dakika mbili. Kipande bora kianze, wewe uonekane ndani ya sekunde tano za kwanza, na usiweke muziki juu ya mazungumzo. Wengi huanza na jina linalozunguka na milipuko ya rangi. Anayetazama video arobaini kwa siku ameshafunga hapo. Huna kazi ya kuonyesha bado? Shuti sini mbili za dakika moja na mwenzako, moja ya utulivu na moja ya mvutano. Ni bora kuliko kipande ulichopita nyuma ya nyota.

Kuhusu mafunzo tutasema kifupi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni njia ndefu na nzuri. Asiye na muda wala ada atafute warsha fupi na jukwaa. Kwa Dar, fuatilia ratiba za Nafasi Art Space na Little Theatre ya Oyster Bay; Nairobi, Kenya National Theatre. Jukwaa linakufundisha kitu ambacho kamera haikufundishi: kushikilia mhusika saa moja na nusu bila mtu wa kusema "kata".

Usaili wa video, hatua kwa hatua

Siku hizi mchujo wa kwanza mara nyingi hufanyika kwenye simu. Wengi wanaotolewa hawatolewi kwa kuigiza vibaya, wanatolewa kwa sababu hawasikiki.

Tafuta ukuta wa rangi moja, usio mweupe unaong'aa. Simama kama mita moja mbele yake ili kivuli chako kisikung'ang'anie mgongoni. Mwanga utoke dirishani, mbele yako au ubavuni kidogo. Dirisha likiwa nyuma yako utakuwa kivuli kinachoongea. Simu iwe ya mlalo, juu ya kitu kisichotikisika, lensi ikiwa sawa na macho yako. Fremu ianzie juu kidogo ya kichwa iishie kifuani. Tumia kamera ya nyuma ya simu, ambayo kwa simu nyingi ni bora kuliko ya mbele, na itakuzuia kujitazama.

Zima feni. Zima friji ikiwa chumba ni kimoja, na uweke funguo au pochi yako ndani yake ili usisahau kuiwasha tena. Kama una maikrofoni ya kubana kwenye kola, ivae. Kama huna, simu isiwe mbali zaidi ya mita moja na nusu. Rekodi sekunde kumi, sikiliza kwa vipokea sauti, ndipo uendelee. Saa nzuri mitaani kwetu ni alfajiri baada ya adhana na kabla ya bodaboda hazijachangamka, au usiku; lakini usiku utahitaji taa mbili.

Anayekusomea mistari asimame karibu kabisa na lensi, upande mmoja, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Usiangalie lensi isipokuwa umeambiwa. Anza na utambulisho: jina, urefu, mji unaoishi. Kisha nyamaza sekunde mbili na uingie. Rekodi mara tatu au nne, si ishirini. Baada ya mara ya sita wengi huanza kuigiza ule uigizaji wao wa mara ya tatu. Tuma toleo moja, au mawili ikiwa yanatofautiana kweli kwa nia ya mhusika.

Kutuma ndiko kunakoharibu kazi nzuri. WhatsApp ikituma video kama video huibana hadi uso unakuwa uji. Itume kama dokumenti, au weka Google Drive na ufungue ruhusa ili mwenye kiungo aweze kutazama, kisha kijaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine. Faili liitwe jina lako, mhusika na tarehe. Faili lenye jina la namba tupu lililotoka kwenye kamera hupotea kati ya mengine yaliyo hivyo hivyo.

Baada ya hapo, andika kwenye daftari: tarehe, kazi, aliyekuita, ulichovaa. Ukiitwa raundi ya pili, vaa nguo ile ile. Usipoitwa, usipige simu kuuliza. Wasiliana tena ukiwa na jambo jipya la kusema, kama kazi inayoanza kurushwa.

Kwenye seti

Kuitwa tena ndiyo biashara yenyewe. Prodyuza wa tamthilia anakimbizana na saa, mara nyingi kwa zaidi ya sini kumi kwa siku, na mwigizaji anayemwokolea nusu saa kwa siku atakumbukwa kabla ya mwenye machozi mazuri.

Ratiba ya siku ikitumwa, isome yote, si saa yako tu. Angalia sini zako, mavazi, lokesheni, na sini inayotangulia kwenye hadithi. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu tamthilia haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unalia msibani, mchana unacheka kwenye harusi iliyotokea kabla ya msiba huo. Tengeneza jedwali lako kwenye daftari lenye safu tano: namba ya sini, siku ya hadithi, nimetoka wapi na hali gani, nimevaa nini, nilifanya nini kwa mikono. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Umeinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "mama", basi kila kamera ikihama utainua kwa mkono huo huo kwenye neno hilo hilo. Ukibadilisha, mhariri hawezi kuunganisha picha zako, na kwenye kipande kilichorushwa atakaa kwenye uso wa mwenzako. Watu hudhani wameminywa na nyota, kumbe ni kikombe.

Piga picha yako ya mavazi kamili mwisho wa kila sini: mbele, nyuma, nywele, viatu, saa, kidonda cha kuchora. Anayehusika na mwendelezo, kama yupo, atakushukuru. Kama hayupo, wewe ndiye uliyeokoa siku.

Fika dakika thelathini kabla. Chukua maji, kofia, chaja, na kitu cha kula, hata kama chakula kimeahidiwa. Usiposti picha ya seti bila ruhusa. Mavazi tu yanaweza kufichua hadithi, na mikataba mingi inalikataza.

Mkataba: mistari inayokulisha na inayokuumiza

Kazi isianze bila karatasi. Kama prodyuza anasema "tunaaminiana, dada", mwambie ni kweli, na kwamba karatasi ni ya kukumbushana. Akishindwa kabisa kuleta mkataba, andika wewe ujumbe wa WhatsApp: kazi, mhusika, siku, malipo, tarehe za malipo, na umwombe ajibu "nakubali". Ni dhaifu kuliko mkataba lakini ni ushahidi.

Soma mistari hii kwa kalamu mkononi.

Malipo: je, ni kwa siku au kwa kipande? Kama ni kwa kipande, andikeni idadi ya juu ya siku kwa kila kipande. Ikizidi, kuna malipo ya siku ya ziada. Bila mstari huu kipande cha siku mbili kinaweza kuwa cha siku tano kwa pesa ile ile. Andikeni pia ni lini. "Baada ya kazi kurushwa" ni maneno ya kukataa, kwa kuwa kurushwa hakuko mikononi mwako, na huenda kusitokee. Omba kianzio siku ya kusaini, sehemu katikati, na salio siku ya mwisho ya kushuti au ndani ya siku 14 baada yake. Kwa tamthilia ndefu, malipo ya kila mwezi kwa vipande vilivyoshutiwa.

Saa: siku ya kazi ni saa ngapi, na zikizidi inakuwaje? Kushuti usiku kuambatane na usafiri wa kurudi. Huu ni usalama kabla haujawa pesa.

Upekee: mkataba unaokukataza kufanya kazi kwingine wakati wa tamthilia unanunua siku zako zote, siyo zile 31 tu za mfano wetu. Ama ulipiwe kiasi cha kuishi kila mwezi, ama mstari upunguzwe uwe "hatacheza tamthilia nyingine ya kituo shindani", ukibaki huru kwa redio, jukwaa, matangazo na kuingiza sauti.

Matumizi: wapi, kwa njia gani, kwa miaka mingapi. Hapa ndipo matangazo ya biashara yanapowala wengi. Tangazo lina bei mbili, ya siku ya kushuti na ya kutumia sura yako, na ya pili ndiyo kubwa. Andika vyombo (televisheni, redio, mabango, mitandao), nchi, na muda, kwa mfano miezi 12, na kwamba kuongeza muda kunalipiwa upya. Tangazo lililopigwa kwa ajili ya Tanzania likionekana Uganda na Rwanda bila kuandikwa, huna pa kushika. Kumbuka pia kwamba ukiwa sura ya sabuni moja, sabuni nyingine haitakuita. Hasara hiyo iingie kwenye bei. Mwaka 2018, King Majuto alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi wizarani. Alikuwa mmoja wa wachekeshaji waliopendwa kuliko wote nchini. Kupendwa hakujazi pengo la mstari ambao haukuandikwa.

Sauti na sura za kutengenezwa kwa kompyuta: ongeza mstari unaokataza kunakili sauti au uso wako kwa akili mnemba bila mkataba tofauti na malipo tofauti. Kwa wanaoingiza sauti huu si mstari wa kupamba.

Ajali: nani anabeba gharama za hospitali ukiumia kazini? Jina: litaandikwaje mwanzoni au mwishoni mwa kazi? Na vipande vya video yako: omba ruhusa ya kuvitumia kujitangaza baada ya kazi kurushwa. Hakuna anayekataa, ila usipoandika utavisaka miaka miwili.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtendaji wa sanaa na kumpa haki juu ya kurekodiwa na kurushwa kwa utendaji wake, kwa miaka 50. Lakini ukishakubali kurekodiwa kwa ajili ya filamu, nguvu yako iko kwenye ulichosaini. Kwa hiyo nguvu zote zitumike kabla. Mwanasheria wa kukusomea mkataba mara moja hugharimu pesa. Kwa tangazo au mkataba wa zaidi ya miezi sita, mlipe.

Usajili na kodi

Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kibali cha kushuti na ukaguzi wa filamu ni vya Bodi ya Filamu, na mwenye wajibu huo ni prodyuza. Hata hivyo uliza kama kibali kipo, kwa sababu seti ikisimamishwa hata malipo yako husimama. Kwa masuala ya hakimiliki ofisi ni COSOTA. Kenya, mtendaji ajiunge na chama chenye leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha ya watendaji.

Chukua TIN ya TRA hata kama mapato ni madogo. Anayekulipa akikata kodi ya zuio asilimia 5, dai cheti chake kila mara. Bila cheti, pesa iliyokatwa huwezi kuionyesha kwenye hesabu zako za mwaka. Kenya ni PIN ya KRA, na kodi ya zuio kwa mkazi anayetoa huduma za kitaalamu ni asilimia 5 vilevile. Tunza risiti za nauli za mbali, picha, mavazi ya kazi na mafunzo kwenye bahasha moja kwa kila mwezi.

Pesa ikiingia

Malipo ya sanaa huja kwa mafungu. Gawa siku ile ile, kabla hujamwambia mtu: asilimia 10 kando kwa ajili ya kodi, 20 ya miezi isiyo na kazi, 10 ya kazi yenyewe (picha, warsha, bando, maikrofoni), na 60 ya kuishi. Fungu la miezi mikavu lijae hadi lifike matumizi ya miezi minne, kwa mfano wetu 2,400,000. Liweke mahali panapotoka bila shida lakini pasipo kwenye simu, mathalani Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Likishajaa, ile 20 ielekee kwenye mambo ya muda mrefu: uchangiaji wa hiari NSSF, au SACCOS unayoifahamu. Bima ya afya ikatwe mwanzo, si ikibaki.

Usipandishe maisha kwa tamthilia ya kwanza. Chumba unachokipanga wakati wa msimu wa kwanza kitakudai kodi ya miezi sita wakati msimu wa pili haujatangazwa.

Na kuhusu sauti: dakika kumi na tano za kuipasha kabla ya kazi, maji ya kawaida siku nzima. Ukikaukiwa, nyamaza kabisa. Kunong'ona huichosha sauti zaidi. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, muone daktari wa koo.

Anayekudai mwili ili akupe nafasi

Hili lipo na tuliseme wazi. Usaili wa halali hufanyika mchana, mahali penye watu, haukutozi ada, na unaruhusiwa kuja na mtu. Chumba cha hoteli usiku si usaili. Kudai ngono kama sharti la ajira au nafasi ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Hifadhi ujumbe wote, usifute kwa hasira, na mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo. Waigizaji wenzako mkiambiana majina ya wanaofanya hivi, mnawalinda wasichana na wavulana wanaoingia mwaka huu bila kumjua yeyote.

Miaka ikisonga

Uhusika wa binti na kijana huisha, na huisha mapema kuliko unavyojisikia. Mwaka mmoja kabla ya kulazimishwa, piga picha mpya kama mama, kama baba, kama bosi, na uwaambie wanaochagua waigizaji. Wengi hukosa kazi katikati ya thelathini na arobaini kwa sababu wanaendelea kujiombea nafasi za miaka ishirini na mitano. Huo pia ndio muda wa kujifunza kitu cha upande wa pili wa kamera, iwe kuandika skripti, kusimamia waigizaji au kuongoza sauti studio. Mtu mwenye kazi mbili kwenye uzalishaji mmoja hulipwa kwa siku zilezile mara mbili.

Mwisho, faili. Nunua moja ngumu na uweke mikataba yote, vyeti vya kodi, barua za usajili, na orodha ya kazi zilizorekodiwa pamoja na tarehe za mikataba kuisha. Piga picha kila ukurasa na uziweke pia kwenye barua pepe. Kila Januari ipitie: tangazo gani muda wake umeisha na bado linarushwa? Mwandikie mwenye tangazo barua ya madai ikiwa na nakala ya mkataba na picha ya skrini yenye tarehe. Kisha mwonyeshe mmoja wa familia faili linakaa wapi na umweleze kilichomo, kwa kuwa kazi zako zitaendelea kurushwa, na siku wewe huwezi kufuatilia, yeye ndiye atakayebisha hodi kwenye ofisi za waliosaini nawe akiwa na karatasi mkononi.